Tone la Damu Kwenye Foleni ya Chanjo

Barua ya wazi kwa idara inayosimamia mifugo katika Serikali ya Kaunti ya Kiambu, na kwa madaktari wa mifugo na wenye agroveti wa Thika na Ruiru

Waheshimiwa,

Naanza na ombi lenyewe, ili asiye na nafasi ya kusoma hadi mwisho asitoke mikono mitupu. Siku mtakapowaita tena wakaazi wa Thika na Ruiru walete mbwa wao wadungwe chanjo ya kichaa, naomba mbwa mmoja kati ya kila watano waliotimiza miezi saba atolewe damu kidogo, ipimwe minyoo ya moyo, kisha matokeo yabandikwe wadi kwa wadi kwenye ofisi zenu na za machifu. Kama idara tayari ina daftari la vipimo vya namna hiyo, basi ombi langu ni jepesi zaidi: lifungueni tulisome. Bila daftari, anayeuza dawa ya kukinga minyoo hii kuanzia Githurai 45 hadi Makongeni, anayeinunua, na hata daktari anayesema haihitajiki huku kwetu, wote wanapiga ramli.

Jina la ugonjwa linapotosha kidogo. Mnyoo mzima, ambao wataalamu huuita Dirofilaria immitis, hukaa zaidi ndani ya mishipa mikubwa inayotoa damu moyoni kuipeleka mapafuni. Moyoni kwenyewe minyoo huingia hasa ikishakuwa mingi na nafasi ikawa finyu. Jike hufikia sentimita 25 hadi 30, mwembamba kama tambi, na huweza kuishi humo miaka mitano hadi saba. Mbwa hawaambukizani kwa kulambana, wala kwa kinyesi, wala kwa kula mabaki ya buchani. Njia ni mbu peke yake. Mbu humnyonya mbwa mgonjwa na kuvuta, pamoja na damu, vitoto vya minyoo visivyoonekana kwa macho. Vitoto hivyo hukua ndani ya mbu hadi vikafikia hatua ya kuambukiza. Mbu huyo akimuuma mbwa mwingine, lava hujipenyeza kwenye kitundu alichokiacha. Toka hapo hupita miezi sita au saba minyoo ikikomaa. Miezi yote hiyo mbwa anakula, anabweka, anafukuza pikipiki, na damu yake ukiipima haisemi kitu. Dalili zikija hatimaye huja kwa kunyata: kikohozi kikavu, kuchoka upesi, kukonda, na mwishowe tumbo kujaa maji. Nyingi kati ya hizo mwenye mbwa atazisoma kama uzee au homa ya kupe. Na mbwa wa ulinzi akianguka ghafla alfajiri, wa kwanza kushukiwa ni wezi waliorusha nyama yenye sumu juu ya ua. Huzikwa nyuma ya nyumba asubuhi ileile, na ushahidi wote huzikwa naye.

Jibu la kwanza ninalolitarajia kutoka kwenu ni la hali ya hewa. Huku ni bara, mtasema, huku kuna baridi, minyoo ya mbu ni mambo ya pwani. Tuipige hesabu basi, maana hesabu yake ipo na si ngumu. Joto likiwa chini ya nyuzi 14, lava ndani ya mbu haikui. Juu ya hapo wataalamu hujumlisha: kila siku huhesabu zile nyuzi zilizozidi 14, na jumla ikifika 130 lava huwa imeiva. Thika imekaa mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na wastani wa joto lake kwa mwaka ni karibu nyuzi 20. Zimezidi 14 kwa 6. Gawanya 130 kwa 6, unapata siku 22. Hesabu hiyohiyo humkadiria mbu maisha ya siku 30, kwa hiyo mbu wa Thika aliyebeba minyoo ana wiki nzima ya kuuma baada ya mzigo wake kuiva. Joto likiongezeka nyuzi moja tu, kama katika miezi inayotangulia mvua za masika, siku hizo zinashuka hadi 19. Katika baridi ya Julai, wastani ukiwa 17, zinapanda hadi 43, na mbu anakufa kabla ya lava kukomaa. Ukipanda hadi Limuru kwenye chai, hesabu hii haifungi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Sidai kwamba nimethibitisha ugonjwa upo. Hesabu ya joto haiwezi kuthibitisha hilo. Inaonyesha kwamba kaunti moja inaweza kuwa na hatari mbili tofauti kabisa, na kwamba daktari anayemkatalia mteja wa Ruiru kwa uzoefu alioupata Limuru hajamjibu bado. Ndiyo maana naomba matokeo ya wadi kwa wadi. Wastani wa kaunti nzima ungetuficha jambo lenyewe tunalolitafuta.

Kuhusu mbu sina haja ya kumsomesha mtu. Sensa ya 2009 iliwahesabu wakaazi wa mji wa Ruiru wakawa 238,858. Ya 2019 ikawapata 490,120. Mashamba ya kahawa yamekatwa ploti, ploti zimejengwa, na mabomba ya maji taka hayajawahi kwenda kwa mwendo huo. Mbu wa kawaida wa mijini, Culex, hupenda hasa maji machafu yaliyotulia: mtaro ulioziba, shimo la choo, tangi la maji taka lililopasuka kifuniko. Binamu yake Aedes hutaka maji safi zaidi, nayo tunayo, kwa sababu mfereji ukitoa maji siku mbili kwa wiki kila nyumba huweka ndoo na matangi. Ongezeni gurudumu kuukuu nyuma ya gereji, na madimbwi ya machimbo ya mawe upande wa Juja na Ndarugu. Wote hao, Culex kwa Aedes, wanaweza kuubeba mnyoo huu. Na kwenye kila geti la pili kuna mbwa anayelala nje usiku kucha, kazi yake ikiwa ni kukesha mahali ambapo mbu nao wanakesha.

Mtasema tena: madaktari wetu hawauoni ugonjwa huu. Hapo naomba tuwe waangalifu, kwa kuwa ugonjwa usiopimwa hauonekani hata ukiwepo. Historia ya minyoo ya mbwa nchini Kenya imekuwa hivyo mara kwa mara: ilijulikana pale mtu alipotazama. Mwaka 1958 wanasayansi watatu, Buckley, Nelson na Heisch, waliueleza kwa mara ya kwanza mnyoo wa jamii hii ya filaria walioukuta kwa paka na mbwa wa kisiwa cha Pate, wakauita Wuchereria patei, ambao sasa huitwa Brugia patei. Watu wa Pate walikuwa na paka karne nyingi kabla ya hapo. Kilichoongezeka mwaka ule ni darubini. Mwaka 1968 ulichapishwa utafiti kuhusu Spirocerca lupi nchini Kenya, mnyoo unaofanya uvimbe kwenye koo la chakula la mbwa, na leo hakuna daktari wa mbwa wa Nairobi asiyeujua. Mwaka 2011 ukachapishwa mwingine kuhusu mbwa wa wafugaji wa Samburu, ambao damu yao ilikutwa na vitoto vya filaria. Samburu ni nchi kavu kuliko Thika. Minyoo yote hiyo si ile ya moyo, nakubali, na ndiyo sababu nyingine ya kupima kwa kipimo kinachojua kutofautisha: kuna filaria za mbwa ambazo hukaa chini ya ngozi bila kumdhuru sana, na mtu akiziona kwenye darubini akatangaza minyoo ya moyo atakuwa amezusha hofu ya bure.

Mbwa nao wanasafiri. Marekani, baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, mbwa waliookolewa kusini, ambako minyoo hii imejaa, walipelekwa kulelewa katika majimbo ambayo yalikuwa na wagonjwa wachache, na wengi walikwenda na minyoo yao. Kwetu hapahitajiki kimbunga. Mtoto wa mbwa ananunuliwa kwa simu na kufika kwa basi la usiku kutoka pwani. Kampuni ya ulinzi inahamisha mbwa wake kutoka ghala moja hadi jingine, mji hadi mji. Hakuna anayeulizwa cheti cha minyoo ya moyo, na sipendekezi waulizwe. Ninachosema ni kwamba hali ya jana haitoshi kutuambia ya mwaka ujao.

Sasa nije kwenye kinga, kwa maana hapa ndipo palipo na kutoelewana kwingi, hata kwa watu wanaojali. Dawa ya kukinga si chanjo, na haimfukuzi mbu. Inafanya kazi kwa kurudi nyuma: mbwa anapopewa leo, inaua lava zilizoingia mwilini mwake katika mwezi uliopita, wakati bado ni changa na ziko kwenye nyama chini ya ngozi. Wiki zikizidi, lava zinakua, zinasogea kuelekea mapafuni, na dawa ileile inakuwa dhaifu kwao. Kwa hiyo kila dozi ni kufagia uchafu wa siku 30 zilizopita. Mtu aliyempa mbwa wake Januari akasahau Februari, Machi na Aprili, kisha akakumbuka Mei, amefagia sebule na kuacha jikoni. Mbwa wake anaweza kuwa mgonjwa na stakabadhi za dawa zikawa zimejaa droo. Tena mwenye mbwa mzima ambaye hajawahi kupimwa hajui anaanzia wapi. Kama minyoo mikubwa imeshakaa, dawa ya mwezi haitaiondoa kama inavyotarajiwa, na mbwa ambaye damu yake imejaa vitoto vya minyoo anaweza kupatwa na mshtuko vikifa vyote kwa mpigo. Ndiyo maana utaratibu unaokubalika ni kumpima kwanza kila mbwa aliyevuka miezi saba, kisha dawa, kisha kipimo tena kila mwaka.

Dawa yenyewe inastahili aya yake, kwa vile ipo tayari kwenye rafu zenu. Ivamektini ilitokana na udongo wa Japani na kazi ya Satoshi Ōmura na William Campbell, waliopewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015. Mwaka 1987 ilikubaliwa Marekani iwe kidonge cha mwezi cha kukinga minyoo ya moyo kwa mbwa, na mwaka huohuo kampuni iliyoitengeneza ikatangaza kuitoa bure kwa binadamu dhidi ya upofu wa mtoni, ugonjwa wa filaria nyingine. Baadaye ikaingia pia kwenye vita dhidi ya matende. Ni dawa yenye sifa njema, na kwa sababu hiyohiyo inatumiwa ovyo.

Chukueni bomba la sindano la mililita moja, lile jembamba, mliweke juu ya kaunta ya agroveti yoyote. Lina vistari 100. Kando yake wekeni chupa ya ivamektini ya ng'ombe, ambayo kwa kawaida ni ya asilimia moja, yaani kila mililita ina miligramu 10, ambazo ni maikrogramu 10,000. Kinga ya minyoo ya moyo kwa mbwa ni maikrogramu 6 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa mwezi. Mbwa wa kilo 25 anahitaji maikrogramu 150. Kwenye bomba lile ni kistari kimoja na nusu. Dawa inayobaki kwenye shingo ya sindano peke yake inaweza kuzidi hapo. Sasa mteja anaingia, hana mbwa pale, anamwonyesha kimo kwa mkono, na muuzaji anamvutia mililita moja kwa kuwa ndicho kipimo cha ndama wa kilo 50, kisha, kwa huruma, anampunguzia hadi nusu. Hata hiyo nusu ni zaidi ya mara 30 ya kiwango cha kinga. Mbwa wengi watavumilia, na hilo ndilo tatizo: kila aliyevumilia anakuwa tangazo la muuzaji. Lakini wapo mbwa waliozaliwa na kasoro ya jeni, iliyotambuliwa mwaka 2001, inayoiachia dawa hii ipite hadi kwenye ubongo. Wanajulikana zaidi wa aina ya Collie na jamaa zake, na wamo pia baadhi ya German Shepherd. Tazameni masikio ya mbwa wa geti kuanzia Membley hadi Ngoingwa mniambie ni wangapi hawana damu ya German Shepherd hata kidogo. Mbwa mwenye kasoro hiyo hawezi kudhuriwa na maikrogramu 6 kwa kilo. Akipewa 200 anaweza kutetemeka, kupofuka, kupoteza fahamu, na akafa. Na kwa mara nyingine tena watashtakiwa wezi na nyama yao.

Sitaandika hapa namna ya kuizimua chupa ya ng'ombe ili imfae mbwa, ingawa najua ndicho watakachokitafuta baadhi ya wasomaji. Uzito wa mbwa hupimwa kwenye mizani, na dawa ya mbwa hutoka kwenye pakiti iliyoandikwa mbwa, mkononi mwa mtu aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Bila shaka pakiti hiyo ni ghali kuliko chupa. Mwenye mbwa wa shilingi elfu tatu hawezi kulaumiwa kwa kuiangalia bei mara mbili. Hapo ndipo kipimo cha damu kinapomtetea mwenye kipato kidogo kuliko mtu yeyote: wadi ikionekana haina minyoo hii, au ina michache mno, aambiwe hivyo waziwazi, na pesa zake ziende kwenye chanjo na dawa ya kupe. Wadi ikionekana imechafuka, atajua kwamba shilingi za kila mwezi ni rahisi kuliko zinazofuata. Matibabu ya mbwa aliyekwisha kuwa na minyoo mikubwa si kidonge. Ni melasomini, dawa yenye asili ya aseniki, hudungwa ndani kabisa kwenye msuli wa mgongo. Utaratibu wa chama cha Marekani cha ugonjwa huu, American Heartworm Society, ni sindano moja, kisha mwezi mmoja baadaye mbili kwa siku mbili mfululizo, zikitanguliwa na wiki nne za doksisiklini. Katika muda huo wote, na wiki kadhaa baadaye, mbwa hatakiwi kukimbia, kwa sababu minyoo iliyokufa husukumwa na damu na kuziba mishipa ya mapafu. Mbwa wa ulinzi aliyekatazwa kukimbia kwa miezi mingi amekuwa pambo, na wenye nyumba wengi hawatakuwa na subira naye.

Nageukia pingamizi ninaloliheshimu zaidi. Kichaa cha mbwa kinaua watu, minyoo ya moyo inaua mbwa. Mkakati wa taifa wa kutokomeza kichaa, wa mwaka 2014, unalenga 2030, nao unataka asilimia 70 ya mbwa wachanjwe kila mwaka. Wakati umebaki mfupi, wafanyakazi wachache, na huyu mwandishi anatuletea minyoo. Nakubaliana na mpangilio huo wa umuhimu. Binadamu huweza kuumwa na mbu mwenye lava hizi, lakini kwa kawaida mnyoo hufa ndani yake kabla ya kukomaa, na mara chache tu huacha uvimbe mdogo pafuni ambao kwenye eksrei daktari anaweza kuudhania saratani. Ni nadra, wala si hoja ninayoitegemea. Siombi hata shilingi moja ihamishwe kutoka kwenye chanjo. Naomba foleni ileile itumike mara mbili. Jambo gumu kuliko yote katika kazi ya mbwa, kama maafisa wenu wanavyojua, ni kuwakusanya: kumtoa mbwa ndani ya ua, kumfunga kamba, kumfikisha uwanjani bila kupigana na wenzake. Siku ya chanjo kazi hiyo imeshafanywa na wenyewe. Mbwa ameshikwa, mdomo umefungwa kitambaa, afisa yuko hapo, na sanduku la barafu lililoleta chanjo limeanza kupata nafasi. Kumtoa mililita mbili za damu mguu wa mbele kunahitaji mtu wa pili, meza ya pili, na dakika chache kwa mbwa mmoja kati ya watano.

Maabara haina haja ya kuwa ya ajabu. Kipimo cha Knott kina umri mkubwa kuliko wengi wetu: mililita moja ya damu huchanganywa na mililita tisa za formalini ya asilimia mbili, huzungushwa kwenye mashine, na masimbi hutiwa rangi na kutazamwa kwenye darubini. Mtaalamu hutofautisha vitoto vya mnyoo wa moyo na vya filaria nyingine kwa urefu na kwa umbo la kichwa na mkia. Udhaifu wake ni kwamba mbwa wengine wenye minyoo mikubwa hawana vitoto damuni. Kwa hiyo sehemu ya sampuli zipimwe pia kwa kifaa cha antijeni, kinachotambua protini ya mnyoo jike, na ambacho ndicho cha gharama. Kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete, mpakani mwa kaunti hii, na Maabara Kuu ya Mifugo iko Kabete hukohuko. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Juja kiko katikati ya Thika na Ruiru. Kama sampuli za mbwa wa Kiambu zitakosa pa kupimiwa, haitakuwa kwa sababu ya umbali.

Wala haitakuwa kwa sababu ya sheria. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, na inataja leseni za mbwa kwa jina. Inazipa huduma za mifugo, tena imeziweka chini ya afya, jambo ambalo huwa nalifikiria sana. Inazipa kudhibiti magonjwa ya wanyama. Na inazipa mitaro ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa. Mbwa, ugonjwa, daktari na mtaro vyote viko chini ya paa moja, na paa hilo liko Kiambu mjini.

Wapo watakaosema tuanze na mitaro basi, tumalize mbu, minyoo itajifia. Mitaro izibuliwe, tena haraka, kwa sababu zaidi ya mia. Lakini mwenye mbwa wa Kwihota hawezi kungojea mradi wa maji taka kama dawa ya mbwa wake. Wengine, na hawa huzungumza kwa sauti ya chini zaidi, watasema mbwa koko ndio hifadhi ya magonjwa yote na dawa yao ni sumu. Ni kweli kwamba mbwa asiye na mwenyewe anaweza kubeba vitoto vya minyoo miaka mingi bila kidonge hata kimoja. Ila sumu huacha nafasi, na nafasi ya mbwa kwenye jalala lenye mabaki haikai wazi: hujazwa na watoto wa mbwa wa mitaa ya jirani, wasio na chanjo yoyote. Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema hivyo kuhusu kichaa kwa miaka mingi. Jalala likizolewa kwa wakati, mbwa hao watapungua wenyewe.

Kwa madaktari na wenye agroveti nina maneno machache. Mteja akiuliza kuhusu minyoo ya moyo, msimcheke na msimuuzie. Mwambieni amlete mbwa apimwe. Msivute dawa ya ng'ombe kwa ajili ya mbwa asiyekuwepo dukani. Na mbwa wa mteja akifa bila sababu inayojulikana, mwombeni ruhusa ya kumpasua kabla ya kumzika. Kufungua kifua na mshipa mkubwa wa mapafu ni kazi ya muda mfupi kwa mkono uliozoea, na minyoo ikiwemo haihitaji darubini.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huwa Septemba 28, wiki chache kabla ya mvua za vuli, wakati baridi imekwisha na ile hesabu ya siku 22 inaanza kufunga tena. Ikiwa kutakuwa na uwanja wa chanjo Thika na mwingine Ruiru siku hizo, ongezeni meza moja kwa kila uwanja, chupa 100 za damu zenye dawa ya kuzuia isigande, na karani mwenye kalamu. Kwenye kila chupa aandike mambo manne: umri wa mbwa, mtaa anakolala, alikozaliwa, na kama amewahi kupewa ivamektini na nani.

Wenu mwaminifu,

Mkaazi wa Ruiru